Achari ya Mzee Isidori

Achari ya vitunguu saumu ni kazi ya mtu mwenye subira, na Kudura wa Mwisenge, Musoma, hakuwa na subira na kitu kingine chochote. Watoto aliwafokea, wauza dagaa aliwafokea, hata redio aliifokea ikikoroma. Saumu alizibembeleza. Aliziloweka kwenye maji ya vuguvugu, akazimenya punje moja moja, akazifuta kwa kitambaa kikavu, kisha akazianika kwenye ungo juu ya bati la jiko mpaka zinyauke kidogo na kuacha kunata. Ndipo alipozitia chumvi, pilipili kichaa iliyotwangwa, haradali na uwatu, akazikamulia ndimu na kumwagia mafuta ya alizeti yaliyochemshwa yakapoa. Wengine huongeza manjano. Yeye alisema manjano ni ya kufichia saumu mbovu, na zake alitaka zionekane zilivyo nyeupe. Chupa ilianikwa juani kila asubuhi na kuingizwa ndani jioni, kama mtu anavyoingiza kuku. Na ole wake atakayechovya kijiko chenye maji.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Nyangi, aliyeolewa pale akitokea Butiama. Mtaa mzima ulimwita Mama Gody. Kudura peke yake ndiye aliyemwita Nyangi, jina la nyumbani kwao, kwa sababu alimpokea akiwa bi harusi anayeogopa jiko la mafuta ya taa, akamfundisha kuliwasha, na tangu siku hiyo akajipa haki ya kumwita kama wanavyomwita ndugu zake. Nyangi naye alimwita Mama Fahadi. Mmoja alikwenda msikitini na mwingine kanisani, lakini sukari ilipoisha hakuna aliyejali iko kwenye kabati la nani.

Kati ya nyumba hizo mbili vyombo havikutulia. Bakuli la Nyangi likienda na maharage, lilirudi na maandazi. Chupa ya Kudura ikienda na achari, ilirudi na karanga, au na asali kutoka Butiama. Siku ambayo nyumba haikuwa na kitu, walitia hata ndimu moja, hata chumvi ya kushika kwa vidole. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hakuna aliyemfundisha mwenzake jambo hilo. Kila mmoja alilikuta kwao, na kila mmoja alijua kwamba anayerudisha chombo kitupu anakuambia mmemalizana.

Mzee Isidori, baba yake Nyangi, alikuwa mfugaji wa Butiama, mtu wa rozari na ng'ombe. Kila alipokuja Musoma kumtazama binti yake, alimsalimia, akanywa maji, kisha akabeba kiti chake mwenyewe mpaka barazani kwa Kudura.

"Binti, zile saumu zipo?"

"Zipo baba. Zinakusubiri wewe."

Alizila na ugali wa muhogo na sato, jasho likimtoka kwenye upara, huku akifuta pua kwa kiganja na kuomba aongezwe. "Hapa ndo nimekula sasa," alikuwa akisema kwa sauti ya kuvuka ukuta. "Kwa Nyangi nilikuwaga naonja tu." Nyangi alicheka, ingawa moyoni ilimchoma kidogo. Hakuna mwanamke anayependa kusikia baba yake anasifia sufuria la jirani.

Mwaka huu mzee aliugua. Alilazwa, akapimwa, akapasuliwa, na mwishowe akarudishwa nyumbani na maneno ya adabu kwamba apewe chochote atakachotamani kula. Shida ni kwamba hakutamani kitu. Alisema mdomo wake umekuwa kama karatasi. Nyama aliitema, maziwa aliyasukuma, na uji aliunywa kwa kuwahurumia waliomkorogea. Nyangi alikuwa akienda Butiama na kurudi, na kila akirudi alimkuta Kudura mlangoni akimwuliza swali lile lile: amekula?

Halafu Jumapili moja, watu wametoka misani, mzee alimshika mkono Nyangi. "Niletee zile saumu za binti yule," akasema. "Nikiziona hizo, ugali nitakula."

Lilikuwa jambo la kwanza alilotamani tangu atoke hospitali. Nyangi hakungoja hata chakula cha mchana. Alipanda gari kurudi Musoma, na njia nzima alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyepata habari ya harusi.

Kudura hakuwa na achari hata kidogo. Chupa ya mwisho iliishia kwenye shughuli ya ndugu zake, na saumu zilizokuwa sokoni wiki hiyo zilikuwa maganda matupu. Akampigia kaka yake Hamduni, mfanyabiashara wa Bunda, na kabla hajasema salamu vizuri alikuwa amekwisha kumfokea kwa kuchelewa kupokea. Kesho yake Hamduni akampa dereva wa basi mfuko wa saumu mpya kabisa, vikonyo vyake bado vya kijani.

"Mbichi hizi," Kudura akasema, akiivunja moja na kuinusa. "Zinataka jua, Nyangi. Jua la kushiba."

"Mama Fahadi, mzee hana hilo jua."

Kudura akamtazama. Kisha akavuta beseni, wakakaa chini wote wawili kwenye uwanja wa nyuma, wakamenya. Vidole viliwawasha, macho yaliwatoka machozi, wakataniana kwamba wanamlilia mtu ambaye kesho atakuwa anakula ugali. Saumu hazikuanikwa. Zilifutwa tu na kuingizwa kwenye chupa, na ili ziive upesi Kudura akaongeza ndimu maradufu. Chupa kubwa ilikuwa ya mzee. Zilizobaki akaziweka kwenye chupa ndogo ya kwake, akaitupa nyuma ya kabati na kuisahau, maana aliionea aibu kazi ya haraka.

Pikipiki ilikuwa imeshafika kumpeleka Nyangi stendi, na kijana wake anapiga honi. Nyangi akaikumbatia chupa kifuani kwa kanga. Alipokwisha kupanda, Kudura alitoka mbio mpaka barabarani akipunga mkono.

"Kijiko kikavu, Nyangi! Kikavu!"

Ndilo neno alilolikumbuka. Lilikuwapo jingine, muhimu kuliko hilo, na halikumjia.

Mzee Isidori aliipokea chupa kwa mikono miwili. Aliigeuza, akaitazama kwenye mwanga, akatabasamu kwa punje zile nyeupe zilizolala ndani ya pilipili. "Lini?" akauliza.

"Keshokutwa baba. Ikae kidogo juani."

"Basi nipunguzieni uji," akasema. "Naiachia nafasi."

Nyangi aliiweka chupa dirishani. Asubuhi iliyofuata alipoichukua kwenda kuianika, aliirudisha dirishani akaiinamia. Saumu zilikuwa zimegeuka rangi. Si kuoza, wala si ukungu. Zilikuwa za bluu inayokaribia kijani, rangi iliyokoa ndani ya kila punje, kama vile mtu ameingia na brashi.

Kaka yake Felisiani, ndiye aliyebaki nyumbani na ng'ombe, alikuwa zizini anatibu kwato la ndama. Nyangi akamwita. Felisiani akaja na vidole vyake vimepakaa mrututu, ile dawa ya bluu ya vidonda ambayo kila boma la wafugaji linayo na kila mtoto wa boma anachapwa akiisogelea. Aliitazama chupa. Kisha akatazama vidole vyake, akavisogeza karibu na kioo. Rangi ilikuwa moja.

"Hii mrututu," akasema.

"Acha, Felisiani. Hii saumu."

"Saumu inakuwaje bluu? Mi mrututu naijua. Ndama wa Nyamhanga alilambaga kidogo tu, jioni tukamchuna."

"Mama Fahadi mi namjua."

"Unamjua wa mjini wewe? Haya, tuseme si yeye. Hiyo chupa imepita kwa nani na kwa nani? Baba akifia kwenye mkono wako, watu utawaambia nini?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Nyangi alikuwa na simu kwenye pindo la kanga, na namba ya Kudura ilikuwa ya kwanza kabisa. Aliitoa, akaishika. Lakini atauliza nini? Umetia nini kwenye chakula cha baba yangu? Swali lenyewe ni tusi. Ukishamwuliza mtu kama ametia sumu, hata akikujibu, mtakaa tena baraza moja vipi? Basi akairudisha simu kwenye kanga, akijiambia kwamba anamstahi jirani yake. Uongo mtupu. Alikuwa anajistahi yeye, kwa sababu ndani ya roho yake, pale pasipoonekana, alikuwa ameshaamini kidogo.

Felisiani aliichukua chupa akaifukia nyuma ya zizi, na shimo alilichimba refu ili mbwa wasifukue.

Mchana mzee akauliza. "Nyangi, imeiva?"

"Bado baba. Inataka kukaa."

"Sawa. Mi nipo."

Kesho yake akauliza tena, na keshokutwa yake akauliza. Uji aliuonja kwa ncha ya ulimi tu, akasema asijazwe, kuna kitu anakisubiri. Nyangi alikuwa anatoka nje na kikombe kile, anakimwaga kwenye mgomba, anasimama huko mpaka uso wake ukauke. Mara kadhaa alikaribia kumwambia baba yake ukweli, na kila mara aliona ni afadhali mzee asubiri kuliko ajue kwamba chakula chake kimezikwa. Alasiri moja, jua bado kali, Mzee Isidori alilala ubavu akitazama dirishani, mahali ilipokuwa chupa, na hakuamka tena.

Kudura alikuja msibani na akina mama wa Mwisenge, mchele na sukari kichwani. Hakukaa mkekani hata dakika. Aliingia jikoni, akakunja mikono, akaosha masufuria ya watu asiowajua na kuwafokea waliokuwa wanachezea maji. Nyangi alipomfuata, alimkumbatia kwa mikono iliyojaa povu.

"Alikula, Nyangi?"

Palikuwa na watu. Palikuwa na Felisiani mlangoni amebeba kuni. Nyangi akasema, "Alikula."

"Akaipenda?"

"Aliipenda sana."

"Alhamdulillahi," Kudura akasema, na machozi yakamtiririka. "Alhamdulillahi, angalau."

Laiti angekuwa mtu wa kunyamaza. Kudura alirudi Musoma na jambo hilo, akalitembeza. Wauza samaki waliambiwa, mashoga zake wa madrasa waliambiwa, Hamduni alipigiwa simu Bunda kuambiwa kwamba zile saumu zake zilimlisha mzee wa watu chakula chake cha mwisho, kwa hiyo asidhani biashara ni hela tu. Kila alipolisimulia, uso wake ulilainika. Na mara nyingi alilisimulia Nyangi akiwa amesimama pembeni, anaitikia kwa kichwa.

Matanga yalipoanuliwa Nyangi alirudi Mwisenge na asali ya nyumbani. Chupa hakuwa nayo ya kurudisha, kwa hiyo aliitia asali kwenye bakuli lake mwenyewe, lile jeupe la enameli lenye mfuniko na ua jekundu, akavuka nalo.

"Chupa yako ilivunjikia msibani, Mama Fahadi. Watu walikuwa wengi."

"Chupa ndo nini? Chupa zimejaa dukani." Kudura akalipokea bakuli, akachovya kidole, akalamba. "Bakuli lako nitalijaza, subiri tu. Nitakutengenezea za taratibu, zilizoliona jua."

Muda ukapita. Nyangi alianza kuamini kwamba uongo ule umekufa na kuzikwa kama vingine. Mpaka siku moja mchana, alipokuwa amepita kuazima kibao cha mbuzi akakuta chakula kinapakuliwa. Kudura hakumruhusu mtu aondoke nyumbani kwake wakati wa chakula. Hilo nalo alilifanya kwa kufoka. Nyangi akanawa, akakaa mkekani pamoja na Najat, binti mkubwa wa nyumba ile. Kulikuwa na ugali wa muhogo na sato.

"Ngoja," Kudura akasema. "Nimepata nini nyuma ya kabati leo!"

Akaleta chupa ndogo, akaiweka katikati. Ndani yake saumu zilikuwa za bluu inayokaribia kijani, rangi ya mrututu.

Najat alishachota yake na kuanza kutafuna. Nyangi alimwona akitafuna, akamwona akimeza na kuongeza.

"Hii na ile ya mzee ni mapacha," Kudura alikuwa anasema, anacheka. "Ona zilivyogeuka! Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaziita saumu za kasuku. Ukizitia ndimu zikiwa mbichi hazijaona jua, zinafanya hivi. Hazina neno, ni rangi tu. Za mzee nazo ziligeuka?"

Nyangi alikuwa anaitazama chupa.

"Maana hata sikukumbuka kukuambia. Nimekumbuka leo nilipoiona hii. Nikasema, huyu Nyangi angekuwa mtu mwingine, angenitupia chupa yangu!"

Nyangi alichukua kijiko. Alikifuta kwa kanga, kikakauka, akachota punje moja akaiweka mdomoni. Ikalia chini ya jino. Uchachu ukamjaa, kisha chumvi, kisha pilipili ikapanda polepole mpaka kwenye paji la uso, na pale pale akamwona baba yake barazani, jasho linamtoka kwenye upara, anafuta pua, anaomba aongezwe. Akaanza kulia kwa sauti.

"Mlilie," Kudura akasema, akimsugua mgongo. "Mlilie tu. Alhamdulillahi alikula."

"Hakula."

Mkono ukasimama mgongoni.

Nyangi akasema yote. Alisema dirisha, mrututu, shimo nyuma ya zizi. Hakuacha kitu, na hata uongo wa chupa aliutaja. Najat aliinuka taratibu akatoka. Kudura, aliyekuwa akifokea hata redio, hakufoka. Alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua.

"Alikuwa anauliza?" akasema mwishowe.

"Kila siku."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba haijaiva."

Kudura akafunga macho. Alipoyafumbua alimtazama Nyangi usoni, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mrututu?"

"Felisiani ndo alisema, mi..."

"Felisiani hanijui. Nakuuliza wewe, Nyangi. Wewe ulisemaje?"

Nyangi alifungua mdomo. Angeweza kusema alikataa, maana kweli alikataa, kwa mdomo, mara mbili. Lakini simu ilikuwa kwenye kanga na aliirudisha, na wote wawili walijua hivyo.

"Na mimi nikawa natamba sokoni," Kudura akasema. Akaifunga chupa ndogo, akaukaza mfuniko, akainuka kwenda nayo ndani. Ugali ulibaki pale ukipoa.

Siku zikapita bila sauti ya Kudura kuvuka ukuta. Nyangi alijua mwenzake anayo haki. Alikuwa akianua nguo polepole ili amwone, akifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Nisijiite mkosaji wa bahati mbaya, alijiambia. Bahati mbaya ingekuwa kama nisingekuwa na simu. Kilichomtesa zaidi kilikuwa kikombe cha uji ambacho baba yake hakutaka kijazwe.

Asubuhi moja alisikia hodi, na alimtambua kabla hajaitikia. Alikimbia mlangoni. Kudura alikuwa amesimama nje na lile bakuli jeupe lenye ua jekundu, mfuniko juu yake, amelishika kwa mikono miwili kwa heshima.

"Karibu ndani, Mama Fahadi. Karibu, chai iko motoni."

"Nimeacha jiko linawaka." Akamnyooshea bakuli. "Bakuli lako hili, Mama Gody. Asante kwa asali."

Mama Gody. Kama muuza maji, kama mjumbe wa mtaa. Nyangi alilipokea bakuli na mikono yake ikajua kabla ya macho, maana lilikuwa jepesi mno. Hata hivyo hakulifungua pale mlangoni. Aliagana vizuri, akangoja mpaka geti la jirani lifungwe, akaingia ndani, akaliweka mezani na kuinua mfuniko.

Lilikuwa limeoshwa likang'aa, na kufutwa kwa kitambaa kikavu, kama chombo kinachosubiri kutiwa achari. Nyangi alipitisha kidole chake ndani, kwenye kitako, pembezoni, akakizungusha kote, akakiweka kwenye ulimi. Hata chumvi haikuwamo.